Kutumia nanobodi kuchunguza vipokezi vya seli: mwongozo wa hatua kwa hatua

Kila mgonjwa wa pumu anayevuta salbutamoli anakitegemea kipokezi kimoja: kipokezi cha adrenalini aina ya beta-2, kilichopachikwa kwenye utando wa seli za misuli ya njia ya hewa. Kipokezi hicho hakitulii. Wakati wowote kinapita katika maumbo kadhaa, mengine ya kazi na mengine ya mapumziko. Dawa inayokiamsha, yaani agonisti, hukiongezea muda wa kukaa katika umbo la kazi. Dawa ya kukizima hukivuta upande wa pili. Kwa kuwa mabadiliko haya ni ya haraka sana, vipimo vyetu vingi huona wastani tu, na wastani huficha mambo.

Nanobodi ndicho kifaa kinachomwezesha mtafiti kulikamata umbo moja akalichunguza peke yake. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa uzamili au mtafiti kijana anayejua kukuza seli na kusafisha protini, ila hajawahi kugusa nanobodi. Mfano wangu tangu mwanzo hadi karibu na mwisho ni kipokezi cha beta-2, kwa sababu ndicho kilichochunguzwa kwa kina kuliko vingine na zana zake zinapatikana.

Kwanza, nanobodi ni nini? Mwaka 1993 kundi la Raymond Hamers wa chuo kikuu cha Vrije Universiteit Brussel, Ubelgiji, lilitangaza kwamba ngamia wana kingamwili za aina ya pekee, zisizo na minyororo myepesi kabisa. Ngamia wa nundu moja ni yuleyule anayefugwa Marsabit, Wajir na Garissa, na jamaa zake wa Amerika Kusini, lama na alpaka, wanazo pia. Ukikata ncha ya kingamwili hiyo, ile sehemu inayoshika shabaha, unabaki na kipande cha kilodaltoni 15 hivi, wakati kingamwili ya kawaida ina takriban 150. Kipande hicho kinajikunja vizuri peke yake, kinatengenezwa na bakteria, na kina kidole kirefu kinachoweza kuingia kwenye mashimo ambayo kingamwili kubwa haifiki. Hicho kidole ndicho muhimu kwetu.

Kabla ya kushika pipeti, elewa jambo hili moja, maana makosa mengi ya tafsiri hutokana nalo: nanobodi inayopenda umbo fulani haiji kutazama tu. Inakizuia kipokezi kisirudi katika maumbo mengine, kama kabari iliyosukumwa chini ya mlango. Kwa hiyo kila unachopima baada ya kuiweka ni tabia ya kipokezi pamoja na nanobodi. Ukilijua hilo na kulipanga mapema, linakuwa ndiyo nguvu ya mbinu yenyewe.

Hatua ya 1: Andika swali, kisha chagua nanobodi kwa umbo inalolishika

Usianze na nanobodi iliyopo kwenye friza ya jirani. Anza na swali. Je, unataka kujua kama dawa yako mpya ni agonisti kamili au nusu, yaani inayokiamsha kipokezi kwa sehemu tu? Unataka kujua ni wapi ndani ya seli kipokezi kinaamka? Au unataka kupeleka dawa kwenye aina moja tu ya kipokezi na kuacha ndugu zake?

Kwa beta-2, chaguo kuu ni hizi. Nb80 hushika umbo la kazi. Ilitokana na lama aliyechanjwa kwa kipokezi kilichosafishwa kikiwa kimeshikwa na agonisti mwenye nguvu, kazi iliyofanywa na makundi ya Jan Steyaert wa Brussels na Brian Kobilka wa Stanford, ikachapishwa mwaka 2011. (Kobilka na Robert Lefkowitz walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2012 kwa kazi yao juu ya familia hii ya vipokezi.) Nb6B9 ni mtoto wa Nb80 aliyenolewa kwenye hamira ili ashike kwa nguvu zaidi. Nayo ndiyo iliyowezesha kuona kipokezi kikiwa na adrenalini yenyewe, homoni isiyong'ang'ania sana. Nb60 hushika umbo la mapumziko. Nb35 haigusi kipokezi kabisa: inaibana protini G, ile inayopokea ishara ya kipokezi ndani ya seli, baina ya sehemu zake za alfa na beta ili isisambaratike, hivyo usiichukue ukidhani itakueleza kipokezi kimekaa umbo gani.

Ushauri wangu: chukua mbili, Nb80 na Nb60. Dawa inayosogea upande mmoja kwa Nb80 na upande wa pili kwa Nb60 inakupa ushahidi ambao nanobodi moja haiwezi kukupa.

Hatua ya 2: Pata mfuatano, agiza jeni

Huhitaji lama wala ngamia. Mifuatano ya nanobodi zilizochapishwa pamoja na maumbo yake imo katika hifadhi ya umma ya Protein Data Bank, bila malipo. Tafuta 3P0G kwa Nb80, 4LDO kwa Nb6B9 na 5JQH kwa Nb60. Soma mnyororo wa nanobodi, asidi amino takriban 120, kisha agiza jeni lake likiwa limeandikwa kwa msamiati wa E. coli, bakteria atakayelitengeneza. Ni jeni fupi, chini ya jozi 400 za besi, na ndiyo maana bei yake ni ya chini ukilinganisha na jeni la kipokezi.

Liweke kwenye plasmidi yenye ishara ya pelB mwanzoni, ili bakteria aisukume protini nje ya saitoplazimu, na kitambulisho cha histidini sita mwishoni. pET26b inafaa. Kama kipokezi chako hakina nanobodi iliyochapishwa, itabidi uchanje mnyama au utafute kwenye maktaba ya sanisi inayooneshwa juu ya hamira. Hiyo ni kazi ya miezi na inastahili mwongozo wake.

Hatua ya 3: Tengeneza protini

Kuza bakteria kwenye mchuzi mzito wa TB, nyuzijoto 37, hadi usomaji wa nanomita 600 ufike 0.7 au zaidi. Weka IPTG, kemikali inayoliamsha jeni lako, hadi milimola 1, shusha joto hadi 28, acha usiku kucha. Asubuhi kusanya bakteria kwa sentrifuji.

Nanobodi yako sasa iko katika nafasi nyembamba kati ya tando mbili za bakteria, na huko ndiko tunakotaka iwe. Ndani yake kuna kiungo cha salfa mbili kinachokamata mkunjo wake, na kiungo hicho hakijengeki vizuri kwenye saitoplazimu. Usivunje seli zote kwa mawimbi ya sauti. Zishtue kwa sukari: ziloweke barafuni kwa saa moja katika bafa ya TES (Tris mola 0.2 yenye pH 8.0, EDTA milimola 0.5, sukrosi mola 0.5), mililita 15 kwa kila lita ya mchuzi. Kisha ongeza mililita 30 za bafa hiyohiyo iliyopunguzwa mara nne kwa maji baridi, na uache tena barafuni kama saa nzima. Maji yakiingia ghafla, utando wa nje unapasuka na nanobodi inatoka ikiwa na uchafu mchache. Sokota, chukua maji ya juu.

Hapa angalia EDTA. Ukipitisha maji hayo moja kwa moja kwenye resini ya nikeli, EDTA itanyofoa nikeli na resini ya buluu itapauka mbele ya macho yako. Ongeza kloridi ya magnesiamu kwanza, milimola 5 hivi, ndipo upitishe. Osha kwa imidazoli kidogo, toa kwa imidazoli nyingi, halafu pitisha kwenye safu ya kutenganisha kwa ukubwa ili uondoe imidazoli na mabonge. Usitumie DTT popote, maana itavunja kile kiungo cha salfa.

Lita moja kwa kawaida hutoa miligramu 1 hadi 10. Je, inatosha? Piga hesabu. Nanobodi ya miligramu 1 kwa mililita ni takriban mikromola 67. Kisima cha mikrolita 200 chenye mikromola 5 kinahitaji nanomoli 1, yaani mikrogramu 15. Sahani ya visima 96 ambayo nusu yake ina nanobodi inakula miligramu 0.72. Lita moja itakupa angalau sahani ya kwanza, na mara nyingi kadhaa. Gawa kwenye vijichupa vidogo, gandisha kwa nyuzi 80 chini ya sifuri, na usiyeyushe kijichupa kimoja mara mbili.

Hatua ya 4: Andaa vidhibiti kabla ya jaribio la kwanza

Unahitaji nanobodi isiyohusika, iliyosafishwa siku ileile kwa njia ileile. Nanobodi ya GFP (protini inayong'aa kijani) inafaa, mradi tu hakuna GFP kwenye mfumo wako. Unahitaji pia seli zisizo na kipokezi. Na kama utaweka nanobodi kwenye seli hai za kinga, mfano makrofaji, ondoa endotoksini: protini iliyotoka kwenye E. coli huja nayo, na seli hizo zitaitikia sumu ya bakteria wewe ukidhani zimeitikia nanobodi. Seli za kawaida za HEK293, zilizotokana na figo ya binadamu, hazina TLR4, kipokezi kinachohisi endotoksini, kwa hiyo zinavumilia. Uvumilivu huo usikudanganye ukihamia seli nyingine.

Hatua ya 5: Jaribio la kushikana kwenye tando

Hili ndilo jaribio ninaloliamini kuliko yote, na ndilo lenye mitego mingi.

Mtego wa kwanza ni wa mahali. Nb80 inaingia kwenye kipokezi kutokea ndani ya seli, katika shimo lilelile ambamo mkia wa protini G huingia. Ukiimwaga juu ya seli nzima, haitavuka utando na hutaona chochote. Kwa hiyo vunja seli, osha tando, fanya kazi na tando.

Katika kila kisima weka tando, dihidroalprenololi (dawa ya kuzima) yenye tritiamu inayotoa mionzi, kwa ukolezi usiozidi nanomola 1, na isoprenalini (agonisti kamili) kuanzia 10⁻¹² hadi 10⁻⁴ mola. Nusu ya visima iwe na Nb80 mikromola 5, nusu nanobodi isiyohusika kwa ukolezi uleule. Kila bafa iwe na albumini kidogo ili protini zisigande kwenye plastiki, na asidi askobiki, kwa sababu isoprenalini huoksidika. Ukiona myeyusho wako unaanza kuwa wa waridi, mwaga, tengeneza mwingine. Propranololi nyingi (dawa nyingine ya kuzima), mikromola 10, itakuonesha kiasi cha dawa yenye mionzi kilichoshika mahali pasipo kipokezi. Punguza tando hadi zishike chini ya asilimia 10 ya mionzi uliyoweka. Ukizidisha, dawa inapungua kwenye maji na hesabu zote zinapinda.

Unachotarajia ni hiki: grafu ya isoprenalini inahamia kushoto, kwa sababu kipokezi kilichobanwa katika umbo la kazi kinaishika agonisti kwa nguvu zaidi, karibu mara 100. Dawa ya kuzima haisogei hivyo, au inasogea kulia. Salbutamoli, ambayo ni agonisti nusu, inakaa katikati. Ukipanga dawa kadhaa kwa kiasi cha msogeo, unapata safu inayofanana sana na safu ya uwezo wao wa kuamsha seli, ingawa hujapima mwitikio wowote wa seli. Jambo hilo hunifurahisha kila ninapolifundisha.

Mtego wa pili ni wa muda, na wengi wanaupita bila kuuona. Mwaka 2016 ilioneshwa kwamba protini G, na vilevile Nb80, zikishika kipokezi kutokea ndani, mlango wa dawa upande wa nje unajifunga. Dawa inaingia polepole na inatoka polepole. Dakika 90 zinazotosha bila nanobodi huenda zisitoshe ikiwepo. Ukisoma mapema utaona mionzi imepungua na utaandika kwamba nanobodi inashindana na dawa, kumbe jaribio halijafika kwenye usawa. Fanya jaribio la muda kwanza: saa 1, 2, 4. Na usiweke agonisti pamoja na Nb80 kwa muda mrefu kabla ya kuongeza dihidroalprenololi. Weka vyote pamoja.

Kuhusu mionzi: kibali ni lazima. Tanzania utapitia Tume ya Nguvu za Atomu, Kenya mamlaka ya udhibiti wa nyuklia, KNRA. Maabara isiyo na kibali ina njia nyingine nzuri. Unganisha NanoLuc, kimeng'enya kidogo kinachotoa mwanga, kwenye ncha ya nje ya kipokezi, tumia dawa iliyofungwa rangi inayong'aa badala ya tritiamu, na upime mwanga unaohama kutoka kimeng'enya hadi rangi. Faida yake ya ziada ni kwamba unafuatilia muda kisima kilekile bila kuchuja, jambo linalokusaidia moja kwa moja na ule mtego wa pili.

Hatua ya 6: Nanobodi ndani ya seli hai

Jeni la Nb80 likiunganishwa na GFP na kuwekwa ndani ya seli, protini yake husambaa kwenye saitoplazimu ikisubiri. Kipokezi kikiamka, inakimbilia hapo. Mwaka 2013 kundi la Mark von Zastrow, San Francisco, liliitumia kuonesha jambo ambalo vitabu havikuwa nalo: baada ya isoprenalini, mwanga unajipanga kwanza kwenye utando wa nje, kisha, dakika chache baadaye, unatokea upya kwenye endosomu, vifuko vilivyo ndani ya seli. Yaani kipokezi kilichomezwa na seli kinaendelea kuwa macho.

Tumia kiasi kidogo sana cha plasmidi. Nb80 inakalia kiti kilekile cha protini G, na ikijaa ndani ya seli inazuia ishara, inazuia arestini (protini inayokizima kipokezi), inazuia hata kipokezi kisimezwe. Kwenye hadubini chagua seli hafifu, si zile zinazong'aa kwa uzuri. Jambo hili linauma, kwa sababu picha za seli hafifu hazivutii, lakini ndizo zenye ukweli. Pima cAMP, molekuli ya ishara inayoongezeka kipokezi kikiamka, kwenye seli zenye nanobodi na zisizo nayo. Kama mwitikio umepungua, umezidisha.

Rangisha vipokezi vya juu kwa kingamwili ya kitambulisho chao, piga picha, ongeza isoprenalini mikromola 10, endelea kupiga picha kwa dakika 20. Kisha zima. Dawa za kuzima ni mbili: alprenololi inapenya utando; CGP-12177 haipenyi kirahisi. Doa likibaki baada ya CGP-12177 na kuzimika baada ya alprenololi, lipo ndani ya seli kweli na linatokana na kipokezi kilicho macho.

Mbinu hiyohiyo imetumika kwenye vipokezi vya afyuni. Mwaka 2018, kwa nanobodi ya vipokezi hivyo, ilionekana kwamba peptidi za asili za mwili zinaamsha kipokezi kwenye utando na endosomu, ila mofini na dawa nyingine zisizo peptidi zinakiamsha hata kwenye Golgi, sehemu ya seli inayofungasha protini. Kwa yeyote anayefikiria dawa za maumivu, tofauti hiyo ni ya kukaa nayo.

Hatua ya 7: Nanobodi ya nje, kama mbebaji wa dawa

Si nanobodi zote zinashika kipokezi kutokea ndani. Ile inayoshika sehemu ya nje ya kipokezi bila kugusa mfuko wa dawa inaweza kubebeshwa dawa hafifu na kuileta mlangoni. Mwaka 2020 Ross Cheloha akiwa na Hidde Ploegh na Thomas Gardella walifunga vipande vifupi vya homoni ya parathairoidi kwenye nanobodi za kipokezi chake, PTHR1. Vipande hivyo vikiwa peke yake havina nguvu. Vikiwa vimefungwa, vikawa vikali, na vikachagua kipokezi chenye alama ya nanobodi tu.

Kuunganisha ni rahisi kwa sotezi, kimeng'enya kinachoshona protini. Maliza nanobodi kwa asidi amino zenye herufi LPETG, andaa peptidi inayoanza kwa glisini tatu, changanya na kimeng'enya na kalsiamu. Kimeng'enya kinakata kabla ya G ya mwisho na kushona peptidi hapo. Kama kipokezi chako hakina nanobodi ya nje, kiongezee kitambulisho cha ALFA chenye asidi amino 13 kwenye ncha yake na utumie nanobodi ya ALFA, inayoshika kwa nguvu ya pikomola.

Vidhibiti viwili hapa havina mjadala. Dawa na nanobodi zikiwekwa pamoja bila kufungwa zisilete nguvu hiyo. Na nanobodi tupu ikiongezwa kwa wingi iiondoe. Kisha osha seli, pima cAMP tena: dawa iliyofungwa inakaa muda mrefu kuliko ya kawaida, na muda huo ni matokeo yanayostahili kuripotiwa.

Hatua ya 8: Hesabu na kuripoti

Usitumie hesabu ya ushindani wa kawaida kwenye data za Nb80, kwa kuwa nanobodi na dawa hazigombei mahali pamoja. Tumia modeli ya alosteri yenye pande tatu, yaani ya vitu vinavyoathiriana vikiwa mahali tofauti kwenye kipokezi, ambayo inakupa alfa, yaani mara ngapi moja inaongeza nguvu ya nyingine. Alfa ikizidi 1 zinasaidiana. Ikiwa chini ya 1 zinafukuzana. Rudia kwa ukolezi kadhaa wa nanobodi, si mmoja, vinginevyo alfa haikadiriki. Marudio matatu yawe ya siku tofauti na seli tofauti. Visima vitatu vya sahani moja ni rudio moja.

Katika ripoti andika mfuatano mzima wa nanobodi, ukolezi wake, muda wa kusubiri, mpangilio wa kuongeza vitu, na kama ulitumia tando au seli nzima. Msomaji wa Kampala au Brussels akikosa hata kimoja kati ya hivyo, hataweza kurudia jaribio lako.